Ndani ya Hicho Kidevu cha Pili Mna Nini?

(Haya ndiyo niliyozungumza kwenye mkutano wetu wa Jumamosi. Waliokosa kufika waliniomba niyaweke yote kama yalivyokuwa. Picha za ukutani nimeziacha, na utani mwingine nimeupunguza.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, hamjambo.

Naomba nianze kwa kuwatuma kazi. Kila mmoja apeleke kidole gumba na kidole cha shahada chini ya kidevu chake, abane. Taratibu, usijiumize. Umeshika kitu? Usimwangalie jirani yako, shughulika na lako. Sasa kaza meno, vuta pembe za mdomo kwenda chini kama mtu aliyeonja shubiri, mpaka usikie shingo yote imekakamaa. Haya, kile ulichokishika bado kipo vidoleni, au kimekuponyoka?

Achieni sasa. Mmependeza kweli kweli, laiti mngejiona.

Hicho mlichofanya ni kipimo. Daktari makini hukifanya kabla hajataja dawa yoyote. Shingoni, chini ya ngozi, kuna msuli mpana na mwembamba kama shuka, unaanzia juu ya kifua na kupanda mpaka taya. Unaitwa platisma. Mafuta mengine yamelala juu ya shuka hilo, mengine yamejificha chini yake. Ukikaza shingo na bado umeshika pande nono, mafuta yako kwa sehemu kubwa yako juu. Likiponyoka, kilichokujaza shingo kiko chini zaidi, na sindano ya kuyeyusha mafuta haitakifikia, baridi ya kuyagandisha haitakifikia, na bomba la kunyonya mafuta nalo kwa kawaida halifanyi kazi huko.

Naona dada mmoja pale nyuma ameshainua mkono. Dada yangu, swali lako nalijua: "Ipi kati ya hizi njia za kuondoa kidevu cha pili inafanya kazi kuliko zote?" Shusha mkono kwanza, upumzike. Nitakuita.

Mimi ni muuguzi. Miaka mingi nimesimama kando ya kitanda, nashika taa, naandaa pamba, na kwa kalamu ya wino nachora vidoto kwenye shingo za watu kabla daktari hajachoma sindano. Kazi hiyo imenifundisha jambo moja ambalo ndilo limenileta hapa. Mtu anayeingia akiuliza "ipi inafanya kazi" mara nyingi hutoka na majuto. Anayeuliza "nina nini humu shingoni" hutoka na jibu, hata kama jibu lenyewe ni kurudi nyumbani.

Nina sababu ya kusema hivyo. Alikuja mama mmoja, mtu mzima, mchangamfu. Alikuwa ameshaamua: anataka sindano za kuyeyusha mafuta. Tarehe alikuwa ameichagua, kwa kuwa harusi ya mwanawe ilikuwa inakaribia. Daktari akamkalisha, akamtazama kwa mbele, akamtazama kwa ubavu, halafu akaniambia, "Mletee mama glasi ya maji." Mama akashangaa, kiu hakuwa nayo. Daktari akamwambia, "Piga funda moja, mama, umeze huku naangalia." Akameza. Na ule uvimbe, pale pale mbele ya macho yetu, ukapanda juu, kisha ukashuka.

Ndugu zangu, mafuta hayapandi mtu akimeza maji. Kinachopanda na kushuka hivyo ni tezi ya koo. Mama alikuwa na goita, yaani tezi hiyo ilikuwa imevimba. Kilichomfaa ni kipimo cha damu, altrasaundi na daktari wa tezi, na laiti angechomwa sindano zile, tungekuwa tumechoma mahali ambapo hapakuwa na mafuta ya kuyeyusha. Glasi moja ya maji ndiyo iliyomwokoa.

Mambo yanayoijaza shingo ni mengi kuliko tunavyodhani. Kuna tezi za mate zilizo chini ya taya, ambazo kwa watu wengine hushuka na kufanya vinundu viwili kushoto na kulia. Kuna mitoki. Kuna nundu la mafuta nyuma ya shingo linalotokana na homoni ya kotisoli iliyozidi, au dawa za steroidi zilizotumika kwa muda mrefu. Upo hata ugonjwa adimu, unaowapata zaidi wanaume wanaokunywa pombe sana kwa miaka, ambapo mafuta hujikusanya kuizunguka shingo kama kola. Yote haya mtu wa kawaida huyaita "nimenenepa shingo".

Na kuna mfupa! Mfupa watu huusahau kabisa. Alikuja kijana mmoja, mwembamba kama ufito, anapiga mazoezi, tumbo limejigawa vipande. Lakini kila akipigwa picha ya ubavu, kidevu na shingo vinaungana kama mteremko. Kwa hiyo amejiaminisha kwamba ana mafuta. Tulipombana, tukapata ngozi tu. Taya lake ndilo fupi, na kile kimfupa kidogo kilicho juu ya koromeo, ambacho misuli ya ulimi hujishikiza, kwake kimekaa chini kuliko kwa wengine. Madaktari husema pembe kati ya kidevu na shingo hupendeza ikiwa kati ya nyuzi 105 na 120. Ya kwake ilikuwa imelala zaidi ya hapo tangu kuzaliwa. Utayeyusha nini hapo? Kijana alikasirika, sitawaficha. Alitaka sindano, akaambiwa habari za mfupa.

Na kabla sijaendelea, wale wenye shingo nene wanaokoroma usiku mpaka mwenzao anahama chumba: msikimbilie kioo. Shingo inayozidi sentimita 40 kwa mzunguko ni mojawapo ya alama ambazo madaktari hutazama wanapomshuku mtu kuwa pumzi inakatika usingizini. Hilo lina hatari kuliko picha mbaya. Nendeni mkapimwe hilo kwanza.

Haya. Sasa tuseme umepimwa, na ni mafuta kweli, na yako juu ya msuli. Je, sindano zinafanya kazi?

Dawa yenyewe ni asidi ya dioksikoliki. Usiogope jina. Mwili wako unayo, imo kwenye nyongo. Tumboni kazi yake ni kuyamenya mafuta uliyokula ili yaweze kufyonzwa. Ukiichoma kwenye mafuta ya kidevu, hupasua kuta za seli za mafuta, kisha mwili unasafisha mabaki polepole kwa wiki kadhaa. Marekani iliidhinisha dawa hii kwa mafuta ya chini ya kidevu mwaka 2015.

Nawaeleza inavyofanyika, kwa sababu watu wanadhani ni sindano moja. Nachora gridi ya vidoto, kila kidoto kiko sentimita moja kutoka kwa mwenzake. Juu nachora mstari wa mpaka, kidole kimoja hivi chini ya ukingo wa taya, na daktari havuki mstari ule hata kwa unywele. Kila kidoto kinapata sindano yake. Kwa kikao kimoja vinaweza kufika vidoto 50. Hamsini! Halafu unasubiri si chini ya mwezi mmoja, unarudi. Na unaweza kurudi mpaka vikao sita. Baada ya kikao cha kwanza shingo huvimba kama chura anayeita mvua, na aliyedhani ataingia kazini kesho yake ajiandae kwa maswali.

Matokeo je? Dawa ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 1,000 katika majaribio mawili makubwa. Nusu walipewa dawa, nusu walichomwa kimiminika kisicho na dawa ndani yake, na wenyewe hawakujua wamechomwa nini. Shingo zikapewa alama kwa ngazi, kuanzia sifuri, yaani hakuna mafuta ya kuonekana, mpaka nne, yaani yamejaa kabisa. Kati ya waliopata dawa, karibu 7 katika kila 10 walishuka angalau ngazi moja, kwa macho ya daktari na kwa macho yao wenyewe. Mtu husikia namba hiyo akapiga makofi.

Msipige makofi bado. Kwa sababu waliochomwa kile kimiminika kitupu nao, takriban 2 katika kila 10, walionekana wameshuka ngazi. Jamani, dawa haikuwemo! Nini kiliwapunguza? Matumaini. Mwanga. Namna mtu anavyoinua kidevu akijua anatazamwa. Nikiziona zile picha mbili za matangazo, ya kabla na ya baada, jambo la kwanza ninaloangalia ni urefu wa kidevu kutoka kifuani. Hiyo ya kwanza ameinama kidogo, hiyo ya pili ameinua uso na mwanga unatoka juu. Nipe dakika tano, kiti na taa, nami nitawapunguza nyote hapa kidevu bila sindano.

Kuna namba nyingine ambayo matangazo hayaisemi. Walipopimwa kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ambayo haina huruma wala matumaini, waliopungua angalau asilimia 10 ya ujazo wa mafuta yale walikuwa chini ya nusu ya waliopata dawa. Kwa wasiopata dawa walikuwa kama 5 katika 100. Na walioshuka ngazi mbili, yaani badiliko ambalo hata shemeji yako angeliona bila kuambiwa, hawakufika 2 katika 10.

Je, nasema dawa haifanyi kazi? Sikusema hivyo. Inafanya kazi. Tofauti kati ya dawa na kimiminika kitupu ni kubwa na ya kweli. Ninachosema ni kwamba "inafanya kazi" ni ngazi moja kwa wengi, ngazi mbili kwa wachache, na kwa wengine sifuri. Ukienda ukitafuta ngazi moja, utafurahi. Ukienda ukitafuta shingo ya dada yako mdogo, utalia.

Ule mstari niliosema nauchora chini ya taya, upo kwa sababu ya mshipa wa fahamu unaopita pale na kuvuta pembe ya mdomo. Katika majaribio yale, watu 4 katika kila 100 mshipa huo uliguswa. Tabasamu likaenda upande. Wote walipona, wengi ndani ya wiki sita au saba, lakini kuna aliyekaa hivyo karibu siku 300. Mwaka mzima kasoro miezi miwili, unacheka upande mmoja. Mtu akikuambia sindano hizi hazina madhara yoyote, muulize anauonaje mshipa huo.

Sasa njia ya baridi. Hii asili yake huwa inanifurahisha. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto mchanga aliyekuwa amepewa aiskrimu ya kijiti anyonye, mashavu yakatoka vinundu vyekundu, na baadaye mafuta ya mahali pale yakafa huku ngozi ikibaki salama. Maana yake mafuta huganda mapema kuliko maji. Baridi inaweza kuiua seli ya mafuta kabla haijaidhuru ngozi iliyo juu yake. Miaka mingi ikapita, mpaka mwaka 2008 Dieter Manstein na wenzake huko Boston wakachapisha majaribio yao kwa nguruwe. Kutoka hapo tukapata mashine inayoshika pande la mafuta, kulivuta kama kikombe, na kuligandisha kwa dakika 45 hadi saa nzima. Unakaa, unasoma, unatoka. Hakuna kisu.

Inapunguza kiasi gani? Katika utafiti wa shingo uliofanywa kwa watu 60, altrasaundi ilionyesha tabaka la mafuta limepungua kwa wastani wa milimita mbili. Chukua rula ukifika nyumbani, uitazame milimita mbili. Na bado wengi wa watu wale walisema wameridhika! Sibezi. Kwa mtu mwenye uvimbe mdogo na ngozi imara, milimita mbili ni kitu. Kwa mwenye shingo nzito, milimita mbili ni hadithi.

Halafu kuna lile ambalo mwanamitindo wa Kanada, Linda Evangelista, alilisema hadharani mwaka 2021. Aligandishwa mafuta sehemu kadhaa za mwili, kidevu kikiwemo, na badala ya kupungua mafuta yakaongezeka, yakawa magumu. Alisema alijifungia ndani kwa miaka. Akashtaki, na mwaka 2022 kesi ikamalizika kwa maelewano. Hali hiyo ipo na ina jina kwenye vitabu: mafuta yanakua kinyume, miezi kadhaa baada ya tiba, mara nyingine kwa umbo lile lile la kikombe cha mashine. Ni nadra. Lakini haiondoki yenyewe, na tiba yake ni upasuaji ule ule uliokuwa unaukwepa. Aliyeambiwa hilo kabla hajalala kitandani ameamua mwenyewe. Asiyeambiwa ameamuliwa.

Mawimbi ya redio na mawimbi ya sauti nayapita haraka. Yanapasha joto na kukaza ngozi kidogo, yanawafaa wenye ngozi iliyoanza kulegea, na mafuta mengi si kazi yake. Krimu za kuyeyusha mafuta, pakeni mkitaka shingo laini. Mazoezi ya kidevu, yale ya kutoa ulimi na kutazama dari, hukaza msuli, hayachagui mafuta ya kuyaunguza. Kupunguza uzito, ndiyo, kwa wengi husaidia na kidevu kikapungua na mwili, ila kuna waliorithi mfuko ule. Baba anao, shangazi anao, na uzito ukipungua mbavu zinaonekana, mfuko haujasogea. Hao ndio hasa njia hizi zilitengenezewa.

Bomba la kunyonya mafuta, sasa. Huko Ulaya miaka ya sabini, Giorgio Fischer na baba yake Arpad mjini Rome, na Yves-Gérard Illouz mjini Paris, ndio waliolianzisha. Baadaye, mwaka 1987, daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, akaandika jinsi ya kujaza mahali pale maji mengi yenye ganzi na adrenalini, damu ikapungua sana kumwagika, na mgonjwa akaweza kufanyiwa akiwa macho. Kwa shingo, chale ni ndogo, moja chini ya kidevu, labda mbili nyuma ya ndewe za masikio. Bomba lina unene wa milimita chache. Mara nyingi ndani ya saa moja kazi imekwisha, na unaondoka umefungwa kitambaa cha kubana kama mtu mwenye jino bovu. Kwa mafuta yaliyo juu ya msuli, kama ukitaka badiliko kubwa kwa mara moja, kwa niliyoyaona mimi hakuna sindano inayolifikia.

Lakini! Fikiria gunia. Gunia lililojaa limesimama, limenyooka, halina kunyanzi. Toa nusu ya kilichomo. Gunia zuri jipya linaweza kujikunja likakaa vizuri. Gunia kuukuu linaporomoka. Ngozi ya shingo ni vivyo hivyo. Alikuja mama wa miaka sitini na kitu, amenyonywa mafuta mahali pengine, kazi yenyewe safi kabisa, hakuna kovu la kuonekana. Mafuta yameisha kweli. Akaniambia, huku ameishika ngozi yake kwa vidole viwili kama mtu anayeonyesha kitambaa dukani: "Binti yangu, zamani nilikuwa mnene. Sasa nimekuwa mzee." Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mafuta yale ndiyo yaliyokuwa yameishikilia ngozi. Kwake ilifaa kuinua shingo, yaani upasuaji wa kukaza ule msuli na kupunguza ngozi, au kuacha kabisa.

Na ukinyonya kupita kiasi, katikati kunabaki shimo na kingo za msuli zinatokeza pembeni zikishuka kama mbawa. Madaktari huiita shingo ya swila. Kurekebisha ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana daktari ninayemwamini ni yule anayebakiza mafuta kidogo kwa makusudi, akijua kwamba mgonjwa atamnung'unikia.

Nimebakiza jambo moja nalo linanikera. Sindano za kuyeyusha mafuta zinazouzwa mtandaoni, zinafika kwenye bahasha, mtu anajichoma mbele ya kioo cha bafuni huku anaangalia video. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeshatoa onyo: watu wamepata makovu ya kudumu, maambukizi makali, vinundu vyenye maumivu, ngozi imeharibika umbo. Nimeosha vidonda hivyo. Kijana wa kike, usaha unatoka sehemu nne chini ya kidevu, na aliniuliza swali moja tu, kama bado inawezekana mafuta yakapungua. Sikumjibu siku ile. Nilibadilisha pamba.

Kwa hiyo ukienda, mwambie daktari akubane kama mlivyojibana leo, na ukaze meno. Akupe maji umeze. Akutazame kwa ubavu, aivute ngozi na kuiachia aone inarudi upesi au inachelewa. Muulize, akishatoa mafuta, nini kitaishikilia ngozi. Muulize kwa shingo kama yako anatarajia ngazi moja au mbili. Mwambie akuonyeshe picha za watu ambao hawakupata matokeo. Akisema hana hata mmoja, vaa viatu vyako.

Nimezidisha dakika, mwenyekiti ananitazama. Mpelekeeni kipaza sauti yule dada wa nyuma aliyeinua mkono tangu mwanzo. Dada, karibu, kama swali lako bado ni lile lile.